Jangwa Lililoachiwa Chumvi

Tafakari ya juma
Masomo: Ezekieli 47:1–12, Marko 9:49–50

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliwachukua vijana wetu hadi Gazi. Tulishuka matatu kwenye barabara kuu iendayo Msambweni na Lunga Lunga, tukatembea hadi kijijini, na akina mama wanaotunza lile daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko wakatupokea. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama aliyetuongoza, mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, alichuma jani moja la mchu, akampa kijana aliyekuwa karibu naye. "Lamba hapa." Kijana akalamba, akakunja uso, na wenzake wakaangua kicheko.

Mama akatueleza. Mchu hunywa maji ya bahari kwa sababu hauna mengine, na chumvi inayozidi huitoa kwa majani, ikakauka juani kama vumbi jeupe. Mkoko una mbinu nyingine: sehemu kubwa ya chumvi huizuia mizizini, isipande juu. Kila mti na adabu yake mbele ya chumvi.

Tulipomaliza daraja tulizunguka hadi nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu. Huko pana uwanja mtupu, hauna mti wala nyasi. Wenyeji wa pwani huuita jangwa. Bahari hufika pale siku za bamvua tu, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Yakiingia maji mafu, bahari hairudi kwa siku kadhaa. Jua hufanya kazi yake, na kinachobaki ni ganda jeupe linalovunjika chini ya kiatu kama kaukau.

Kijiji hiki ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiitunza na kuipanda mikoko ya ghuba hii, na malipo ya hewa ya ukaa yakarudi kijijini kusaidia maji na shule. Kwa hiyo binti mmoja akauliza swali la haki: mbona hapa hamkupanda? Mama akatazama ule uwanja mweupe, akasema, "Hapa mche haushiki, mwanangu. Hapa tunapaacha."

Ndipo kijana wa kidato cha nne aliponigeukia mimi. "Mchungaji, nimesoma kwamba kuna wanasayansi wanaodhani uhai ulianzia mahali kama hapa, penye chumvi, panapolowa na kukauka. Sasa ile Mwanzo tuifanyeje?" Kabla sijafungua kinywa, yule mama, ambaye ni Mwislamu, alinisaidia: "Hata kwetu Kurani inatufundisha kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji. Kasomeni, msiogope." Nilimshukuru. Lakini swali lilinifuata hadi nyumbani Ukunda, likalala nami, likaamka nami. Tafakari hii ndiyo jibu, nalo limechelewa kwa wiki nzima.

*Mstari niliozoea kuuruka*

Sura ya 47 ya Ezekieli naipenda, na nimeihubiri mara nyingi. Nabii anaonyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, yakielekea mashariki. Anaingizwa ndani yake: yanamfika vifundoni, kisha magotini, kisha viunoni, mwisho yanakuwa mto usiovukika kwa miguu. Mto huo unateremka hadi Bahari ya Chumvi, bahari ambayo maji yake yana chumvi karibu mara kumi ya hii yetu, na samaki hawaishi humo. Ukifika tu, maji yanapona. Samaki wanajaa. Wavuvi wanasimama kuanzia Engedi hadi Eneglaimu wakitandaza nyavu zao, na kingoni inaota miti ambayo majani yake ni dawa. Ukiisoma sura hii ukiwa Gazi au Shimoni, nyavu unaziona kwa macho, na harufu ya samaki unaisikia.

Kisha unakuja mstari wa 11, ambao mimi nimekuwa nikiuruka. Baada ya uponyaji wote huo, nabii anaambiwa kwamba madimbwi na mabwawa ya kando hayataponywa. Yataachwa yabaki na chumvi yake.

Nikihubiri nilikuwa nauona mstari huu kama doa katika nguo ya arusi. Kama Mungu ameweza kuiponya bahari nzima, vidimbwi vimemshinda nini? Safari hii nikasikia sauti ya yule mama wa Gazi: hapa tunapaacha.

Hakuna kilichomshinda. Mambo ya Walawi 2:13 inaagiza kwamba kila sadaka ya unga itiwe chumvi, na Ezekieli mwenyewe, sura nne kabla ya hii, ameelezwa jinsi makuhani watakavyoimwaga chumvi juu ya sadaka ya kuteketezwa. Nchi ambayo maji yake yote yamekuwa matamu ingewalisha watu samaki na matunda, lakini madhabahu yake ingekosa chumvi. Kwa hiyo Mungu, katikati ya uponyaji wake, aliacha mahali makusudi. Jangwa la chumvi limo ndani ya ramani ya nchi iliyopona. Halikusahauliwa nje yake.

Sasa nirudi kwa swali la kijana wetu, kwa maana nilipoanza kusoma wanayosema wanasayansi kuhusu chumvi na mwanzo wa uhai, niliona kana kwamba wanaitembelea ardhi ile ile ya mstari wa 11.

*Magadi*

Mama yeyote wa Kwale anayejua kupika kunde anayajua magadi. Kijipande kidogo, na kunde ngumu zinalainika. Magadi haya yana ziwa lenye jina lake: Ziwa Magadi, Kajiado, chini kabisa katika Bonde la Ufa, ambalo limechimbwa tangu miaka ya 1910 na mazao yake kushushwa kwa reli hadi Mombasa. Kwa wanakemia, magadi nayo ni aina ya chumvi, ndugu wa ile ya mezani.

Wanaotafiti mwanzo wa uhai wamekuwa na fumbo moja linalowasumbua, nalo ni fosforasi. Kila kiumbe kinaihitaji. Imo katika uti wa DNA inayobeba urithi wetu, imo katika utando unaozunguka kila seli, imo katika molekuli zinazobeba nishati inayotuwezesha kuinua mkono. Lakini katika maji ya kawaida fosforasi haitulii. Madini ya kalsiamu huidaka upesi, vikashikamana, vikazama kama jiwe, jiwe la jamaa moja na mifupa na meno yetu. Sasa uhai wa kwanza uliipata wapi, ikiwa imefungwa ndani ya mawe?

Mwishoni mwa 2019, Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa jibu ambalo ndani yake limo Ziwa Magadi letu. Waliangalia maziwa yenye magadi mengi, hili la Kenya likiwa mojawapo, wakaona kwamba mambo huko huenda kinyume. Kabonati iliyo katika magadi huwahi kuioa kalsiamu kabla fosforasi haijafika. Ndoa ya kabonati na kalsiamu sisi tunaijua: ndilo jiwe la matumbawe tunalojengea hapa Diani, lile lile lililojenga msikiti wa kale wa Kongo pale mtoni. Kalsiamu ikishaolewa, fosforasi inabaki huru majini. Kisha jua linakausha ziwa, na kilichobaki kinazidi kukolea, hadi katika baadhi ya maziwa hayo fosforasi hufika mara 50,000 ya ile iliyomo baharini.

Ziwa chungu, ambalo mgeni akilionja atalitema, ndilo lililokuwa na akiba.

Na magadi hayapo Kajiado tu. Septemba 2023 chombo cha NASA kiitwacho OSIRIS-REx kilidondosha katika jangwa la Utah kikasha chenye gramu 121.6 za mchanga na changarawe kutoka Bennu, jiwe la angani lenye upana wa kama nusu kilomita. Ni mzigo usiofika nusu ya robo kilo. Januari 2025 wanasayansi, miongoni mwao Tim McCoy wa Washington na Sara Russell wa London, walitangaza kilichomo: mabaki ya maji ya chumvi yaliyokauka hapo kale, mfumo wetu wa jua ulipokuwa bado mchanga. Ilikuwemo chumvi ya aina ya mezani, na yalikuwemo magadi yenyewe. Katika mchanga huo huo wenzao walikuta asidi amino 14 kati ya 20 ambazo uhai huzitumia kujenga protini, na herufi zote tano za maandishi ya urithi. Kiumbe hai hawakukuta hata kimoja. Ilikuwa kama kuingia jikoni ukakuta unga, chumvi na maji vimepimwa, mpishi hajawasha moto.

*Kukamua kanga chini ya maji*

Fumbo la pili ni la kuunganisha. Asidi amino ni kama shanga, na protini ni shanga zilizotungwa. Lakini ili shanga mbili zishikane, lazima kati yao itoke molekuli moja ya maji. Sasa wewe jaribu kukamua kanga ukiwa umezama baharini. Unakamua, inalowa tena. Ndivyo ilivyo kwa shanga hizo ndani ya maji mengi: hazipati nafasi ya kupoteza tone linalozitenganisha.

Bernd Rode wa Innsbruck, Austria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 alionyesha na wenzake kwamba chumvi yaweza kulitatua jambo hili. Maji yakikauka hadi chumvi ikawa nzito sana, chumvi yenyewe hupata kiu. Huyavuta maji popote yalipo, hata lile tone lililo kati ya shanga mbili, na kukiwa na shaba kidogo ya kusaidia, shanga zinashikana. Maji yakirudi, huleta shanga nyingine. Yakikauka tena, zinaungana tena.

Kulowa na kukauka. Kulowa na kukauka. Wapendwa, hilo si neno la maabara kwetu sisi. Hilo ni bamvua na maji mafu. Zamani hizo za mwanzo wa uhai, mwezi ulikuwa karibu zaidi na dunia kuliko leo, siku zilikuwa fupi, na bahari ilipanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Majangwa ya chumvi yalikuwa na kazi nyingi.

Nililikalia jambo hili usiku mmoja nisipate usingizi. Katika mafuriko, shanga zilielea kila moja kivyake. Zilishikana pale maji yalipoondoka.

*Sabuni inapokataa*

Lakini nisije nikatia chumvi katika habari za chumvi. Hakuna mtu aliyekuwepo uhai ulipoanza, na wenye elimu hawajakubaliana. Wapo wanaosema ulianzia vilindini, penye mianya inayotoa maji ya moto chini ya bahari. Wapo, kama David Deamer wa Marekani, wanaosema ulianzia nchi kavu, kwenye vidimbwi vya chemchemi za moto, mbali na bahari. Na wanaosema hivyo wana sababu ambayo kila mwanamke wa pwani anaijua kutoka kwenye beseni la kufulia.

Ukichota maji ya kisima cha chumvi ukafulia, sabuni hukataa. Haitoi povu, inabaki mabonge. Utando wa seli za kwanza, wanadhani, ulikuwa wa mafuta mepesi, jamaa wa karibu wa sabuni, ukijikunja kuwa kipovu kidogo na kukumbatia kilichomo ndani. Weka kipovu hicho katika maji ya bahari: kinavunjika. Chumvi ile ile iliyounganisha shanga, inabomoa nyumba ya shanga hizo.

Mwaka 2019 Sarah Keller na Roy Black, nao wa Chuo Kikuu cha Washington, walieleza kwamba asidi amino zikijishikiza kwenye utando huo, utando unastahimili chumvi vizuri zaidi. Shanga zililinda nyumba, na nyumba ikazikusanya shanga. Waliokuwa dhaifu kila mmoja peke yake wakasitiriana.

Basi yote yamo katika kipimo. Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi kama gramu 35, na mvuvi aliyepotea baharini akiyanywa, kiu itamuua upesi zaidi. Lita moja ya maji ya dripu anayotundikiwa mgonjwa wodini ina gramu 9 tu, kwa sababu damu yetu inakubaliana na kipimo hicho. Ni chumvi ile ile. Moja inaua, nyingine inamrudisha mtoto aliyekwisha kuzimia kwa kuhara.

*Kijana wangu, Mwanzo uisome*

Sasa jibu. Fungua Mwanzo sura ya kwanza, uangalie vizuri jinsi Mungu anavyoamuru. Katika mstari wa 20 anayaambia maji yatoe viumbe vyenye uhai. Katika mstari wa 24 anaiambia nchi izae. Muumba huyu hafichi mikono yake, lakini pia haoni haya kuyapa maji na udongo kazi ya kufanya. Sura ya pili inamtoa mwanadamu katika mavumbi, na mavumbi yana chumvi. Ukilamba jasho lako utaijua. Anayechunguza jinsi maji yalivyotii amri hiyo hajamwibia Mungu kitu. Amechungulia karakana tu. Wala imani yako isisimame juu ya dhana ya huyu mtafiti au yule, kwa maana kesho wanaweza kuibadilisha, na ni haki yao. Imani yetu ni kwa yule aliyesema, na kilichosemwa kikawa.

Soma kemia kwa bidii. Mtihani uko mlangoni.

*Chumvi kwenye kidonda*

Lakini kuna mwingine anayehitaji jibu, na huyo hajaniuliza kwa maneno.

Katika ushirika wetu yumo baba mmoja aliyefanya kazi kwenye ule mgodi wa mchanga mzito huku bara ya Diani, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Zamani aliwahi kunionyesha mchanga huo kiganjani, akanitajia majina ya madini yake kama mtu anayetaja watoto wake. Moja ni zirkoni. Nilimwambia niliyokuwa nimesoma: kwamba chembe ya zirkoni iliyopatikana Jack Hills, Australia, ina umri wa kama miaka bilioni 4.4, na kwamba ndani ya chembe kama hizo wanasayansi wamesoma dalili kuwa dunia changa ilikwisha kuwa na maji. Alifurahi sana. "Kumbe nabeba mashahidi," akasema.

Kazi ilipokwisha, alikauka. Alikaa ndani. Kanisani hakuonekana, barazani hakuonekana. Nilikwenda kumwona, nikakaribishwa mkekani, na kwa haraka ya mtu anayeogopa kimya nikamwambia, "Baba, Mungu ana jambo analokufundisha katika ukame huu." Alinitazama kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Mchungaji, chumvi hiyo umeitia kwenye kidonda."

Niliondoka nimeinamisha kichwa. Nilichosema pengine hakikuwa uongo. Kosa langu lilikuwa kipimo: nilimpa lita ya bahari mtu aliyehitaji dripu. Paulo, katika Wakolosai 4:6, anataka maneno yetu yakolee, na Biblia yetu hapo inatumia neno la kale, munyu, ambalo majirani zetu Wadigo bado wanaliita hivyo kila siku. Chakula kilichokolea hukisikii chumvi, unasikia utamu wa chakula. Maneno yangu yalikuwa chumvi tupu.

Tena nilisahau kwamba chumvi zote hazimwagwi na mkono mmoja. Waamuzi 9:45 inasimulia jinsi Abimeleki alivyoubomoa mji wa Shekemu, akapanda chumvi juu yake. Hiyo ilikuwa chumvi ya chuki, iliyomwagwa na mtu juu ya riziki ya watu wengine. Katika kaunti yetu wapo waliokosa shamba la baba zao kwa karatasi iliyoandikwa mahali wasipopajua. Usiende kwa mtu wa namna hiyo ukamwambia jangwa lake limetoka kwa Mungu. Ukame wake una jina la binadamu, nao unadai haki. Mahali palipoachwa na Mungu pana alama moja katika Ezekieli: pako kando ya mto. Maji ya uzima yanapita karibu. Palipo na chumvi bila mto wowote karibu, pengine kazi yetu kama kanisa ni kuchimba mfereji, na mahubiri yangoje.

Hata kwa yale majangwa ambayo hatujui yametoka wapi, kama kifo cha mtoto, tumbo lisiloshika mimba, sala ya miaka isiyojibiwa, Maandiko hayanipi ruhusa ya kumpangia mwenzangu maana yake. Yananipa jambo moja la kushika: kuwepo kwa mahali pasipopona si ushahidi kwamba mto umekauka. Nabii aliyaona yote mawili katika maono yale yale, na hakuambiwa achague.

Na la pili naliazima kwa zile shanga, kwa tahadhari. Wakati wa mafuriko, kazi ipo, fedha ipo, kila mtu huelea kivyake. Wengi wetu tulishikana maji yalipoondoka. Ndoa ngapi hapa zilipata kusemezana baada ya mshahara kukatika? Majirani wangapi walijuana kwenye matanga? Sisemi ukame ni mwema. Nasema kwamba Bwana, katika Marko 9:50, anapotuambia tuwe na chumvi ndani yetu, hamalizi sentensi kabla ya kutuambia tukae kwa amani sisi kwa sisi. Kwake yeye chumvi ni jambo la watu wawili au zaidi.

*Muhogo*

Nilirudi kwa yule baba mara ya pili, nikanyamaza. Nikarudi mara ya tatu, nikanyamaza tena, tukawa tunatazama kuku wakichakura uani. Mkewe akatuletea muhogo wa kuchemsha kwenye sinia. Tukamega. Baba akatafuna, akaacha, akatafuna tena.

"Mama, huu hauna chumvi."

"Imekwisha tangu asubuhi," mke akajibu kutoka jikoni. "Mtoto nimemtuma dukani hajarudi."

Niliona mkono wa baba ukikaa juu ya sinia, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Kisha akainuka. Alitafuta kandambili zake, moja ilikuwa chini ya kitanda cha kamba, akazivaa, akauvuka ua ambao hakuwa ameuvuka kwa wiki nyingi, akabisha hodi kwa jirani. Nilisikia jirani akimwitikia kwa sauti ya mshangao na furaha, wakaulizana hali, wakacheka jambo nisilolisikia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi muhogo ulikuwa umepoa, na kiganjani alikuwa na chumvi kidogo, imefungwa katika kipande cha gazeti.

Hana kazi ya kudumu hadi leo. Siku nyingine hutengeneza mashine za boti ufukweni, siku nyingine hapati kitu. Lakini ua wake anauvuka.

Juma hili nakuomba jambo dogo. Mkumbuke mmoja aliyekauka. Nenda. Ukikosa la kusema, usiseme. Ukikaribishwa chakula, kula.

*Tuombe.* Ee Mungu, uliyeyaamuru maji yakatii, tunakushukuru kwa bahari inayojaa na kwa bahari inayokupwa. Utupe subira ya kungoja bamvua lako. Uponye yanayopaswa kupona, na yale uliyoyaacha utupe macho ya kuyaona bila kukudhania vibaya. Utie chumvi katika vinywa vyetu, kwa kipimo chako. Na anayekaa ndani leo, umpe jirani wa kumbishia hodi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.